Fundi Tuambie: Rezista Iwe ya Wati Ngapi?

Ujumbe wa mwezi huu umejaa rezista zilizoungua, vile vipande vidogo vya kuzuia mkondo wa umeme. Tumechagua saba, na zote zinarudi kwenye jambo moja: wati, yaani joto ambalo rezista inaweza kulibeba. Walioulizia bei za Kariakoo watuwie radhi, bei hubadilika kabla gazeti halijatoka mtamboni.

Shikamooni mafundi. Chuoni tumefundishwa kusoma rangi za rezista, ila hakuna mstari hata mmoja unaotaja wati. Nataka kufunga LED moja nyeupe kwenye bodaboda ya kaka yangu. Nitajuaje niweke rezista ya wati ngapi?
*Mwanafunzi, Chang'ombe*

Marahaba. Ni kweli, mistari ya rangi inakupa omu (kipimo cha jinsi inavyozuia mkondo) na asilimia ya kosa, basi. Wati unazijua kwa umbo, au kwa maandishi kama ni zile nyeupe za kauri. Lakini umbo lisubiri kidogo, kwanza hesabu.

Usichukue volti 12 kwa sababu betri imeandikwa 12. Injini ikiwa inazunguka na betri inachajiwa, utapima volti 14 na kitu. Chukua 14.4. LED nyeupe hubakiza kwake kama volti 3.2, kwa hiyo rezista inabeba 14.4 kutoa 3.2, yaani volti 11.2. Ukitaka mkondo wa miliampea 20, gawa 11.2 kwa 0.02, unapata omu 560, na thamani hiyo ipo madukani. Sasa wati: volti za rezista yenyewe mara ampea zinazopita ndani yake. 11.2 mara 0.02 ni wati 0.224. Kama una ampea na omu peke yake, zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu. Kama una volti na omu, zidisha volti kwa volti, kisha gawa kwa omu. Njia zote tatu zinakupa jibu lilelile, mradi volti ziwe za kwenye miguu ya rezista na si za betri nzima. Kosa hilo la kuweka volti za betri ndilo tunaloliona zaidi kwenye madaftari.

Sasa utasema: 0.224 iko chini ya robo wati, basi robo inatosha. Kwenye karatasi inatosha. Kwenye bodaboda, hapana. Wati zinazotangazwa kwa rezista za kawaida za kaboni au za metali huhesabiwa hewa inayoizunguka ikiwa nyuzi 70 za Sentigredi. Zaidi ya hapo uwezo unashuka kwa mstari mnyoofu mpaka sifuri kwenye nyuzi 155. Maana yake ni kwamba rezista ikibeba wati zake zote, sehemu yake ya moto zaidi inapanda nyuzi 85 juu ya hewa. Chukua robo wati yako yenye 0.224: itapanda kama nyuzi 76. Hewa ndani ya taa ikiwa 35 tu, rezista iko 111. Hapo plastiki inalainika na bodi inaanza kubadilika rangi. Weka nusu wati, mpando unakuwa nyuzi 38, rezista iko 73. Weka wati moja, mpando ni 19, iko 54.

Zingatia kwamba joto lenyewe halikupungua. Ni wati 0.224 zilezile katika hali zote tatu. Rezista kubwa ina ngozi pana ya kutolea joto, kama uji ulioumwaga kwenye sinia badala ya kikombe.

Kwa hiyo kanuni ya mezani ni hii: piga hesabu kwa volti ya juu kabisa itakayotokea, zidisha jibu mara mbili, kisha chukua saizi ya juu inayofuata. Saizi za kawaida ni thumni ya wati (moja ya nane), robo, nusu, 1, 2, 3, 5 na 10. Kwako wewe 0.224 mara mbili ni 0.448, chukua nusu. Ndani ya boksi lililofungwa, au lililokaa chini ya bati juani, zidisha mara tatu hata nne. Hewa ya ndani ikifika nyuzi 100, rezista ya nusu wati imebaki na uwezo wa wati 0.32 tu.

Kaka yako akikubali LED tatu zikae mfululizo, moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja, badala ya moja, hesabu inakuwa tamu zaidi. LED tatu zinabakiza volti 9.6, rezista inabeba 4.8, omu zinakuwa 240, na joto ni wati 0.096. Robo wati inatosha, mwanga mara tatu, betri ileile. Injini ikizimwa mwanga utapungua kidogo, usishangae.

Kuhusu umbo, pima mwili bila miguu. Thumni ina urefu wa milimita 3 na ushee. Robo ni kama 6 kwa unene wa 2.3. Nusu ni kama 9 kwa 3. Wati moja ni 11 au 12, wati mbili ni kama 15. Tahadhari ni moja: siku hizi kuna nusu wati ndogo zenye mwili wa robo. Uwezo wake ni wa kweli, ila zinafika huko kwa kuvumilia moto zaidi, na miguu yake inaupeleka moto huo kwenye bodi. Muuzaji akikupa kitu chenye mwili wa robo akakuapia ni nusu, na huna karatasi ya kiwanda, kihesabu kuwa robo.

Amplifaya ya wati 100 imeunguza zile rezista nyeupe za 0.22 omu wati 5 kwenye transista za kutoa sauti. Duka lilikuwa na za wati 10 tu. Nikiziweka, je, hazitavuta umeme zaidi? Na kwa nini zinaungua, wakati fundi aliyenitangulia alisema wati 5 ni nyingi mno?
*Fundi, Mbagala*

Hazivuti chochote cha ziada. Mkondo unaamuliwa na omu, na omu ni zilezile. Wati 10 zikitosha kwenye nafasi na miguu ikafika kwenye matundu bila kubanwa, weka. Usichezee omu tu. Ukiweka 0.47 upande mmoja na 0.22 upande wa pili, transista hazitagawana kazi sawa.

Huyo fundi aliyetangulia hakukosea sana, alisahau spika. Amplifaya inayotoa wati 100 kwenye spika ya omu 8 inapitisha kilele cha ampea 5. Kila rezista inafanya kazi nusu ya wimbi, kwa hiyo kwake mkondo wa kuhesabia ni ampea 2.5. Zidisha 2.5 kwa 2.5, kisha kwa 0.22: wati 1.4. Hapo tano ni nyingi kweli. Sasa ije shughuli ya kigodoro, mtu aunganishe spika mbili za omu 8 sambamba, yaani zote mbili kwenye plagi ileile. Amplifaya inaona omu 4. Kwa volti zilezile kilele kinakuwa ampea 10, mkondo wa kuhesabia ni 5, na rezista inabeba 5 mara 5 mara 0.22, yaani wati 5.5. Imeshapita kiwango, na hapo hatujataja kwamba boksi limefunikwa kitambaa na feni imejaa vumbi. Kinachoziokoa kwa kawaida ni kwamba muziki haukai kwenye kilele muda wote. Usiku wa besi tupu wakati sauti imefunguliwa mpaka mwisho hautoi nafuu hiyo.

Kwa hiyo usiweke rezista mpya ukawasha. Rezista ya kutoa sauti ikiungua, mara nyingi transista yake imeshapata shoti kati ya kolekta na emita. Zitoe transista zote za upande huo, zipime nje ya bodi, pima na zile ndogo zinazoziendesha. Washa mara ya kwanza ukiwa umeweka balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 mfululizo na waya wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, shoti bado ipo.

Rezista nyeupe ina tabia ya kufa bila alama, sura safi lakini waya wa ndani umekatika. Kuipima 0.22 kwa mita ya kawaida ni shida kwa sababu waya za mita zenyewe zina sehemu ya kumi kadhaa za omu. Gusanisha ncha za mita kwanza, andika namba, kisha uitoe kwenye kipimo. Njia bora kuliko hiyo: pitisha ampea 1 kutoka pawa saplai yenye kikomo cha mkondo, upime volti kwenye miguu. Ukikuta volti 0.22, rezista ni nzima.

Na rezista ya omu 10 iliyo mfululizo na kapasita ndogo karibu na plagi ya spika, hiyo usiibadilishe kwa nyeupe ya wati 5. Ndani ya nyeupe kuna waya uliozungushwa, na mizunguko hiyo inaharibu kazi yake kwenye masafa ya juu. Weka ya oksidi ya metali au ya kaboni, wati 1 au 2.

Pawa saplai ya televisheni inakuja na kesi ileile kila baada ya miezi kadhaa: rezista ya kuwashia, mega 1, imepanda mpaka mega nyingi au imekatika. Nimepiga hesabu, inabeba wati 0.1 na mimi naweka robo wati. Tatizo liko wapi?
*Fundi runinga, Tabata*

Hesabu yako ya wati ni sahihi. Umeme wa 230 ukishapita kwenye daraja la dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC) na kapasita kubwa unakuwa volti 325 za DC. 325 mara 325, gawa kwa milioni 1, ni wati 0.106. Kinachoiua ni volti.

Kila saizi ya rezista ina kikomo cha volti kisichojali wati. Robo wati ya kawaida ni volti 250, nusu wati ni kama 350. Za kubandika juu ya bodi ziko chini ya hapo: saizi 1206 ni volti 200, 0805 ni 150. Ukizidisha, utando mwembamba uliochongwa kwa mzunguko ndani ya rezista unaliwa pole pole mahali penye volti nyingi, omu zinapanda, na siku moja mkondo wa kuamsha IC, ile chipu inayoendesha pawa saplai, hautoshi. Mteja atakwambia "ilianza kwa kuchelewa kuwaka". Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Kwa robo wati, mpaka uko kwenye kilo-omu 250. Chini ya hapo wati ndizo zinazokufunga kwanza, juu ya hapo ni volti. Kwa hiyo kwenye mega 1 weka mbili za kilo-omu 470 mfululizo, kila moja inabeba volti 162. Tatu za 330 ni nzuri zaidi, kila moja inabeba 108. Ukiona kiwanda kimepanga rezista mbili au tatu za thamani moja kwenye mstari, usidhani walikosa moja kubwa, na usiziunganishe ziwe moja.

Kapasita hiyo ya volti 325 inaweza kubaki na umeme baada ya kuchomoa plagi, hasa rezista ya kuwashia ikiwa imekatika. Usiimalize umeme wake kwa bisibisi. Shika rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5, iliyotengenezwa kwa waya, kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iguse miguu ya kapasita kwa sekunde 5, kisha hakikisha kwa mita. Mwanzoni kabisa inabeba karibu wati 48, ila kwa kapasita ya mikrofaradi 220 volti zinaporomoka ndani ya nusu sekunde, na rezista ya waya inavumilia pigo fupi kama hilo. Robo wati ingepasuka.

Chaja ilikuwa na rezista ndogo ya omu 10 wati 1 mlangoni mwa umeme, inaungua kila mara. Nimeweka ya wati 5 na sasa haiungui tena. Wenzangu wananiambia nimekosea. Wanaonea wivu?
*Msomaji, Temeke*

Wenzako wako sahihi, kaka. Itoe leo.

Hiyo si rezista tu, ni fyuzi. Kwenye bodi mara nyingi imeandikwa FR, RF au hata F. Imetengenezwa ikatike yenyewe, bila kuwaka moto, pale kitu kilicho mbele yake kinapoharibika. Tuseme dayodi imeanza kuvuja na inapita ampea 1: omu 10 zinabeba wati 10. Ya wati 1 imezidiwa mara kumi, itakatika haraka. Ya kwako ya wati 5 imezidiwa mara mbili tu. Itakaa hapo imewaka, bodi inageuka mkaa, ndani ya kiboksi cha plastiki kilichochomekwa karibu na pazia. Hapa ndipo ile kanuni ya kuzidisha mara mbili inakoma kabisa. Rudisha ileile: omu zilezile, wati zilezile, aina ya kukatika. Halafu tafuta kwa nini ilikuwa inaungua. Anza na dayodi nne za daraja, kisha mosfeti (transista inayokata na kuunganisha umeme), kisha kapasita kubwa.

Nimebadilisha balbu za indiketa za bajaji kuwa LED, zikawa zinapepesa haraka mno. Nikauziwa rezista ya dhahabu ya wati 25, omu 15. Imeyeyusha plastiki ya nyuma. Ni feki?
*Dereva, Ubungo*

Huenda ni nzima. Kazi yake ni kula mkondo uliokuwa ukiliwa na balbu, ili flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) isiharakishe. Balbu ya wati 10 kwa volti 12 ina omu 14.4 ikiwa inawaka, kwa hiyo 15 ni chaguo sahihi. Kwa volti 14.4 rezista hiyo inabeba wati 13.8 ikiwashwa, na kwa kuwa inawaka nusu na kuzima nusu, wastani ni kama 7.

Ila zile wati 25 za mwili wa alumini zinahesabiwa ikiwa imefungwa kwa skrubu kwenye bapa la chuma au alumini. Ikining'inia hewani uwezo wake ni nusu, nyingine chini ya nusu. Ihamishe kwenye fremu. Kwangua rangi hapo, paka krimu ya kupitisha joto, kaza skrubu zote mbili, na usiruhusu waya wowote kulala juu yake. Uking'ang'ania ikae kwenye plastiki, hata ya wati 50 itaiyeyusha, maana wati 7 za joto ni zilezile.

Ushauri wetu hasa: nunua flasha ya elektroniki inayokubali LED, uachane na rezista. Umetafuta LED zisizokula betri, halafu unaweka rezista ya kula betri!

Nina redio ya volti 9, inakula miliampea 300. Nataka kuiwasha kwa betri ya sola ya volti 12. Omu 10 wati 2, sawa?
*Msomaji, Kigamboni*

Si sawa, dada, ingawa hesabu yako haina kosa: 12 kutoa 9 ni volti 3, gawa kwa 0.3 ni omu 10. 300 ni pale sauti iko juu. Ukipunguza sauti redio inakula labda 50, na omu 10 zitapunguza nusu volti tu. Betri ikiwa inachajiwa kwa 14.4, redio ya volti 9 inapata 13.9. Rezista inafaa kupunguza volti pale tu mkondo haubadiliki.

Weka IC ya 7809, inayoshikilia volti 9 hata mkondo ukibadilika. Kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia, 0.1 upande wa kutokea, zote karibu na miguu yake. Itabeba volti 5.4 (14.4 kutoa 9) mara 0.3, wati 1.6, kwa hiyo ifungie kipande cha alumini cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Inahitaji kama volti 2 za ziada ili ishike 9, na betri ikishuka chini ya 11 ni wakati wa kuzima redio hata hivyo.

Sina wati 1, nina robo tupu. Naweza kuziunganisha? Na je, nizilaze kwenye bodi au niziinue?
*Fundi anayeanza, Kijitonyama*

Unaweza, zikiwa za thamani moja. Nne za kilo-omu 1, mbili mfululizo mara mbili sambamba, zinakupa kilo-omu 1 ya wati 1. Kumi za kilo-omu 1 sambamba ni omu 100 za wati 2.5. Ziachie nafasi katikati, zikibanana kama mzigo wa daladala zinapashana joto.

Thamani zikitofautiana hesabu hiyo inavunjika. Mfululizo, yenye omu nyingi ndiyo inayobeba. Kilo-omu 1 na omu 100, zote robo wati, hazikupi nusu wati. Ile ya kilo-omu 1 inafika robo yake wakati jumla ni 0.275 tu. Sambamba ni kinyume, yenye omu chache ndiyo inayoungua kwanza.

Robo na nusu zenye kazi nyepesi zilaze. Kuanzia wati 1, au yoyote inayopata moto wa kutoshikika, iinue milimita 5 hadi 10 na uikunje miguu kidogo juu ya bodi ili isizame. Ukiilaza, bodi inaungua na risasi ya kwenye miguu inapasuka duara jembamba ambalo hulioni bila lenzi. Kapasita za elektrolitiki ziweke mbali nayo. Kila nyuzi 10 unazoziongezea zinakata maisha yake karibu nusu.